Landi ya marehemu inavuta

Kanisani kwetu Githurai, mtu akisimama kutoa ushuhuda husema Mungu amemfungulia mlango, watu hupiga makofi, naye huketi. Wangu ni mrefu na umejaa grisi, ndiyo maana sijawahi kuutoa pale mbele. Mungu namshukuru. Lakini nikinyamaza kuhusu silinda hedi nitakuwa nimeficha nusu ya habari.

Mume wangu alifariki 2019. Aliniachia watoto watatu, deni la hospitali, na Land Rover Series III pikapu, ile ndefu ya inchi 109, imeegeshwa nyuma ya ploti tunayopanga hapa Kiuu. Alipenda kuwaambia wageni kwamba gari hilo si la Uingereza bali ni mzaliwa wa Thika. Alisema kweli: liliunganishwa 1978 katika kiwanda cha Leyland Kenya, hiki ambacho leo kinaitwa KVM. Aliponiacha, nyasi zilikuwa zimeanza kuota kati ya tairi.

Mimi nilikuwa muuza mitumba sokoni Githurai. Machi 2020 serikali ikapiga marufuku kuingiza mitumba nchini kwa sababu ya korona. Beli zilizobaki zikapanda bei, kisha zikaisha kabisa. Aprili 6 ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka eneo la Nairobi, na upande wetu mpaka ukawekwa kwenye daraja la mto Chania, pale Thika. Mashemeji walikuja kunifariji wakaishia kunipa ushauri: uza hilo gari kwa watu wa vyuma. Mnunuzi wa skrapu akafika na bei ambayo haingelipa hata kodi ya nyumba. Nikamwambia arudi siku nyingine, nikijua sitakuwepo.

Kilichoniokoa ni kifungu kimoja cha lile tangazo: magari ya chakula na mizigo yaliruhusiwa kupita, mradi waliomo ni wachache na wana barua. Mteja wangu wa zamani, mama mfugaji wa huko juu Ndakaini, karibu na lile bwawa linalonywesha Nairobi, alinipigia akilia kuhusu chakula cha ng'ombe. Magunia yako Thika, yeye yuko juu, na matatu zimesimama. Nikaona biashara ya kwenda na kurudi: nipandishe chakula cha mifugo, niteremshe kabichi, ndizi na parachichi hadi soko letu. Kuendesha nilijua. Marehemu alinifundisha kwa gari lile lile, kwa kelele nyingi.

Ila halikuvuta. Thika iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ndakaini imepita 2,000. Ukishapita Kirwara barabara inaanza kukunjana kwenye vilima vya chai, na hapo Landi yangu ilikuwa ikipanda kwa gia ya kwanza, inatema moshi mweusi, bodaboda zilizobeba nyasi zinanipita huku vijana wananipungia mkono. Kuna mlima mmoja ulionishinda kabisa. Nikashusha nusu ya magunia, nikamwachia kijana wa pale ayalinde, nikapanda na nusu, nikarudi kuchukua yaliyobaki. Petroli ilikula faida yote. Usiku nilikuwa nikihesabu pesa mezani na watoto wakijifanya wamelala.

Ushauri wa watu wote Githurai ulikuwa mmoja: toa hiyo injini, weka dizeli ya Toyota au Isuzu, usahau. Pesa sikuwa nazo, lakini kikwazo kikubwa kilikuwa logbook. Gari lilikuwa bado kwa jina la marehemu, na kesi ya mirathi ilikuwa haijaisha. Kubadilisha injini ni kubadilisha namba iliyoandikwa mle, na mwenye kutia sahihi yuko kaburini. Kwa hiyo nilibaki na injini niliyoachiwa: silinda nne, petroli, lita mbili na robo.

Nikalipeleka gari Ruiru kwa mzee mmoja wa jua kali aliyeshika Land Rover tangu ujana wake. Sikumtaka aniongezee nguvu bure. Nilimuuliza tu kama gari limekufa. Alilizunguka mara moja bila kufungua boneti.

"Mama, hizi tairi ni za nani?"

"Ni za marehemu, mzee."

"Marehemu alipenda kuonekana."

Nilitaka kukasirika, ila ilikuwa kweli. Alizifunga zile tairi kubwa mwaka mmoja kabla hajaugua, akapiga picha. Mzee akanieleza kwamba gari hili lilitoka kiwandani na tairi za 7.50-16, na gia zake zimepimwa kwa hizo. Ukiweka kubwa zaidi ni sawa na kuongeza urefu wa kila gia, kisha unailaumu injini. Nilipata kijana wa Thika Road anayependa mambo hayo, akazinunua na rimu zake. Nikapata tairi za saizi ya kiwandani, tena na chenji. Nguvu ya kwanza niliyoipata ilinijaza mfuko, jambo ambalo sijasikia likimtokea mtu mwingine katika habari za magari.

Chenji ile ndiyo iliyofungua hedi. Hapo mzee alinifundisha kitu ambacho sasa namwambia kila mwenye gari la zamani. Injini hii ilipozaliwa ilitoa nguvu za farasi kama 70, lakini hizo ni za kando ya bahari. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua na injini isiyo na taabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi. Ndakaini, hata ingekuwa mpya, ingekuwa na 56 hivi. Na haikuwa mpya. Petroli ya risasi iliondolewa Kenya mwanzoni mwa 2006, na injini za zamani zilikuwa zikitegemea ile risasi kulinda siti za valvu za ekzosi. Bila hiyo, valvu hujichimbia ndani ya hedi polepole. Nafasi ya tapeti, ambayo inatakiwa iwe thau kumi (sehemu kumi za elfu moja za inchi), ilikuwa imekwisha kwenye silinda mbili. Fila geji haikuingia. Maana yake valvu haikufunga vizuri, na mgandamizo ulikuwa ukitorokea kwenye ekzosi.

Akaweka siti ngumu zinazovumilia petroli ya sasa, akasaga valvu, kisha hedi ikapelekwa kwa mashine ikachongwa uso kidogo ili mgandamizo upande. Nilimuuliza kama haitagonga. Akacheka. Hewa nyepesi ya huku kwetu inayoiba nguvu ndiyo hiyo hiyo inayokuruhusu kugandamiza zaidi na kusogeza taimingi mbele kidogo bila injini kugonga. Mombasa asingethubutu, alisema.

Kabureta nilitaka kununua ya Weber, kwa sababu kila mtu anayo. Alikataa. Weber inayouzwa kwa injini hii inapunguza matumizi, lakini inapunguza na pumzi. Zenith yangu ilikuwa na ugonjwa wake wa kawaida: kifuniko kimepindwa na joto, petroli inateremka bila kipimo. Alilaza msasa juu ya kioo, akakisugua kifuniko mpaka kikawa bapa, akaweka oringi mpya na jeti ndogo zaidi, kwa kuwa hewa kidogo inataka petroli kidogo. Moshi mweusi uliisha siku hiyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kioo. Mashemeji waliposikia walisema mjane hapakwi oili, nami nikawaambia mjane analipa kodi.

Safari iliyofuata nilipakia magunia kumi ya kilo 70. Kwenye ule mlima nilianza na gia ya pili nikisubiri iniaibishe. Haikuniaibisha, na juu kwenye majani chai nilitia ya tatu. Yule kijana aliyekuwa akinilindia magunia alisimama kando ya barabara akiwa amekosa kazi, nikamfanya turnboi. Kizuizi kilipoondolewa Julai tayari nilikuwa na wateja katika vijiji kadhaa, na wananiita Mama Landi hadi leo. Deni la hospitali lilichukua muda mrefu, lakini liliisha. Mitumba sikurudia.

Mirathi pia imekamilika na logbook ni yangu, hivyo ningeweza kuweka dizeli kesho. Sitaki. Ninachotaka ni krankishafti. Yangu inashikwa na beringi kuu tatu, na mzee ananionya nisiilazimishe. Kuanzia 1980 injini hizi zilitoka na tano, na hizo zinavumilia. Kuna bloku moja ya beringi tano Grogan, Nairobi. Mwenyewe anadai haijawahi kuguswa, nami nimeona alama za spana kwenye kila bolti. Ameshuka bei mara mbili. Nangoja ashuke mara moja zaidi.