Bawasiri ya Mwalimu

Nilimtibu bawasiri mtu ambaye sikuwahi kumwangalia. Mimi ni tabibu. Wakati huo nilikuwa kwenye zahanati moja mkoani Tanga, na mgonjwa alikuwa mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la sita. Alikuwa na miaka 58. Alikaa kitini, akasubiri muuguzi atoke, ndipo akashusha sauti: “Mwanangu, nikienda haja kubwa naona damu.”

Nikamuuliza kama anafunga choo. Akasema mara mojamoja. Basi, kwangu jibu likawa limeshapatikana. Nikaandika dawa ya kupaka na ya kuingiza, nikamwambia apunguze pilipili, ale mapapai, anywe maji. Glovu zilikuwepo mezani, boksi halijafika hata nusu. Lakini ningemwambiaje Mwalimu ashushe suruali nimwingize kidole? Mnajua wanaume wetu wanavyokifanyia mzaha kipimo cha kidole tangu habari za tezi dume zianze kutangazwa. Niliuogopa mzaha ule kuliko nilivyoiogopa ile damu.

Alirudi. Safari hii alisema akimaliza kujisaidia anahisi bado kuna kitu kimebaki. Akirudi chooni hapati ila ute na damu. Nikasema amiba, nikampa metronidazo. Akaja tena, amechoka, kope kwa ndani zimepauka, nikampa vidonge vya kuongeza damu. Mwanamume mzima, asiyepata hedhi, damu yake ilikuwa ikienda wapi? Sikujiuliza. Na kwa kuwa vidonge vile hufanya choo kiwe cheusi, hata alipoona rangi imebadilika tulikubaliana kwamba ni dawa tu.

Binti yake ndiye aliyempeleka hospitali mjini. Daktari kijana, asiyemjua Mwalimu wala sifa zake, alivaa glovu, na kwa kidole hichohicho akagusa uvimbe mgumu kwenye puru. Kamera ikapitishwa, kinyama kikakatwa kwenda maabara, ikathibitika ni saratani. Akaenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi na dawa, akapasuliwa, akawekewa mfuko wa choo tumboni. Mfuko ule aliuzoea kuliko sisi wageni wake. Aliumwaga na kuusafisha mwenyewe huku akiuliza habari za watoto. Baadaye ugonjwa ukaonekana kwenye ini.

Wenzangu kazini hunifariji kwamba nchi yetu haina mpango wa kuwapima watu wote saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo lawama nisiibebe peke yangu. Ni kweli, Uingereza watu hutumiwa kwa posta kijichupa cha kuwekea choo kidogo, kikapimwe damu isiyoonekana kwa macho. Marekani, mwaka 2021, umri wa kuanza uchunguzi ulishushwa kutoka miaka 50 hadi 45. Faida yake naijua: saratani hii mara nyingi huanza kama kijinyama kwenye ukuta wa utumbo, kikachukua hata miaka 10 kugeuka, na anayepitisha kamera hukikata kabla hakijageuka. Ila huo ni uchunguzi wa mtu asiye na dalili. Mwalimu dalili zake alinitajia mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu uleule wa ubaoni. Alichokihitaji kilikuwa mezani kwangu.

Alifariki akiniita daktari wake. Hilo sikulisahihisha, nalo ni kosa la pili.

Baada ya arobaini nilimwita mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa anakaribia miaka 40. Nikamweleza kwamba kwa kuwa baba yake aliugua kabla ya kufika 60, yeye na nduguze wasingoje dalili: wakifika 40 waanze kupimwa kwa kamera. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Sasa kaka, haya yote unayajua. Baba mbona hukumpima?” Nikamwambia kila kitu, na glovu nikazitaja. Hakunitukana. Alisema kamera ni ghali, na yeye haumwi popote. Tangu siku hiyo nikimpigia kumkumbusha, hapokei.