Nyumba ya Mwipwa: moto wa miaka 300 katika muji wa Madrid

Mwezi huu twende pamoja mpaka Ulaya, katika muji wa Madrid, muji mukuu wa Hispania. Hatuendi kuona jumba la mufalme, wala kiwanja cha mupira. Tunaenda kula.

Tuanzie pale Plaza Mayor. Ni kiwanja kikubwa cha pembe ine, chini ni mawe matupu, na majumba marefu yamekizunguka pande zote. Katika pembe moja kuna mulango wa upinde, na ngazi za mawe zinashuka. Shuka polepole. Ukifika chini utajikuta karibu na barabara nyembamba inayoitwa Calle de Cuchilleros, ni kusema barabara ya wafua visu. Zamani nyama ya muji ilikuwa inagawanywa pale juu kiwanjani, na wakata nyama walihitaji visu vikali. Basi mafundi wa visu wakakaa karibu nao.

Sasa tafuta namba 17. Mbele ya nyumba ni mbao, na jina limeandikwa: Sobrino de Botín. Neno «sobrino» kwa Kihispania ni mwipwa. Kwa hiyo hii restora inaitwa «Mwipwa wa Botín». Kitabu cha Guinness, kile cha mambo yanayopita yote ulimwenguni, kiliikubali mwaka 1987 kuwa restora ya zamani kuliko zote ambazo zingali zinafanya kazi. Ilifunguliwa mwaka 1725. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 300.

Pengine utauliza: kwa nini mwipwa, si mutoto?

Jean Botín alikuwa mupishi kutoka Ufaransa. Alikuja Madrid pamoja na bibi yake, mwanamuke wa Asturias, kule kaskazini ya Hispania, akitafuta kazi ya kupikia wakubwa. Lakini aliyepokea kazi yao mikononi hakuwa mutoto wa Botín. Alikuwa mwipwa, tena mwipwa wa upande wa bibi, jina lake Candido Remis. Na huyu, alipotia jina juu ya mulango, hakutia lake. Alitia la mujomba aliyemutangulia, na yeye mwenyewe akajiita mwipwa tu.

Simama kidogo hapo, ndugu. Kwetu tunajua namna mambo yanavyokuwa mara nyingi mutu akifa. Matanga hayajaisha, ndugu wa hapa na ndugu wa pale wameshaanza kuhesabu viti na sahani, na mujane analia inje. Mutu anapokea nyumba, lakini kazi ya marehemu haipokei. Kisha mwaka moja nyumba imeuzishwa, na jina limesahauliwa. Huyu mwipwa wa Madrid alipokea kazi. Ndiyo sababu hata leo jina la Botín linaitwa kila siku, na watu wanaotoka inchi za mbali.

Tuingie sasa. Pale mulangoni kuna jiwe lenye kuandikwa mwaka 1725. Lakini kuta zenyewe ni za zamani zaidi. Kuna karatasi ya mwaka 1590 inayotaja hii nyumba. Mufalme Felipe wa Pili alikuwa amefanya Madrid kuwa muji wake mukuu mwaka 1561, na wafanyakazi wake wengi hawakuwa na mahali pa kulala. Basi sheria ikasema kwamba mwenye nyumba kubwa atoe sehemu ya nyumba yake kwa wageni wa mufalme. Mwenye hii nyumba aliandika kulomba aachiliwe huo muzigo. Unaona? Hata wakati ule watu walilalamika juu ya wageni wasiolipa!

Jambo lingine litakushangaza. Ilipoanza, nyumba za wageni za Madrid hazikuwa na ruhusa ya kuuzisha nyama wala divai. Wakata nyama na wauza divai walikuwa na vyama vyao, nao hawakukubali mutu mwingine awaharibie soko. Mugeni alikuja na nyama yake mufukoni, mupishi akamupikia, mugeni akalipa moto na kitanda. Ilikuwa kazi ya kuanzia chini kabisa.

Na ule moto ndio moyo wa nyumba. Katika etaje ya chini utaona tanuru ya matofali, mudomo wake umepambwa na vigae. Inakula kuni za muti mugumu unaoitwa encina, jamaa ya mwaloni, ambao makala yake yanakaa na moto wakati murefu. Wenye nyumba wanasema kwamba ule moto haujazimika tangu mwaka 1725. Usiku makala yanaachwa ndani, asubuhi wanayachochea na kuongeza kuni. Ninyi wa miji ya migodi munaelewa upesi: tanuru ikipoa kabisa, matofali yanaweza kupasuka.

Kaa kwenye meza. Ukipenda, shuka kwanza katika chumba cha chini ya udongo, chenye upinde wa matofali. Inamisha kichwa kwenye ngazi, ni nyembamba. Tena usifike na njaa ya saa kumi na mbili, kwa maana Wahispania wanakula usiku sana.

Anza na supu ya kitunguu saumu. Ni chakula cha wamasikini: mkate uliokauka, saumu, mafuta ya zeituni, pilipili nyekundu isiyo kali, na yai moja ndani. Mama wa zamani hakutupa mkate wa jana. Kisha watakuletea chakula chenye sifa, mutoto wa nguruwe wa siku kama 21, aliyekula maziwa ya mama yake tu. Wanamuleta kutoka upande wa Segovia. Anakaa katika tanuru ndani ya sahani ya udongo, zaidi ya saa mbili, mpaka ngozi inavunjika sawa biskuti na nyama inaachana na mufupa. Kama kwenu hamuli nguruwe, kuna mwana-kondoo wa tanuru ile ile.

Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alimaliza kitabu chake cha mwaka 1926 na watu wawili wanaokula hapa. Lakini si yeye aliyelinda nyumba. Kwa miaka mingi sasa inashikwa na familia González. Mwaka 1936 vita vya ndugu kwa ndugu vilipoanza Hispania, baba wa ile familia alibaki Madrid, na nyumba ikawa mahali pa kulisha askari. Vita viliisha mwaka 1939. Nyumba ilikuwa ingali imesimama, na watoto wake wakaendelea. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, milango ya restora zote ilifungwa. Hata wakati ule, wenye nyumba wanasema, tanuru haikuachwa ipoe.

Fikiri, musomaji. Miaka 300 si kitu cha mutu moja. Hakuna mutu aliyewasha moto mara moja ukadumu miaka 300. Kila asubuhi mutu fulani aliamuka, akachukua kuni, akachochea makala aliyoyakuta. Wengi wao hatujui majina yao. Na karibu kila moja alifundishwa na mutu mwingine, awe mutoto, awe mwipwa, awe mufanyakazi tu wa jikoni.

Migodi yetu inafunguliwa na kufungwa. Mushahara unakuja, unachelewa, siku nyingine haufiki. Lakini mama anayejua kuoka mikate, baba anayejua kushona viatu ao kutengeneza kinga, ana tanuru yake. Basi jioni ya leo, kwenye meza yenu, mukiwa na bukari na sombe, muulizane: kazi ya nyumba yetu ni gani, na ni nani, mutoto ao mwipwa, tunayemuonyesha leo namna ya kuchochea moto?