Stesheni ya Nakuru Usiku

Reli itokayo Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Ziwa Viktoria. Hapo Nakuru njia hugawanyika, moja kuelekea Kisumu, nyingine Eldoret hata Uganda. Mwaka 2021, ule ule mji ulipopewa hadhi ya jiji, gari la abiria la Nairobi na Kisumu lilirudishwa. Liliondoka Nairobi jioni, likateremka Bonde la Ufa gizani, likaingia Nakuru usiku umekwisha kuwa mkubwa. Nairobi ilikuwa na reli ya vitongojini, na stesheni ya Syokimau tangu 2012. Nakuru haikuwa nayo. Basi aliyeshuka hapo na mizigo na watoto, kwake Lanet au Bahati, alibaki kutafuta matatu au pikipiki, na nauli ya saa hizo yajulikana.