Muacheni Amalize

Magomeni ya miaka ya 1980, kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu kigugumizi changu. Jirani mmoja alidai nilitekenywa mno nikiwa mchanga. Mwingine alishikilia kwamba nilimuiga mjomba, maana mjomba naye alikuwa nacho, na kina mama wakawakanya watoto wao wasije wakaniiga mimi. Wengi walisema ni woga tu. Hakuna aliyewaza kwamba mimi na mjomba ni damu moja. Wataalamu leo wanaeleza kuwa kigugumizi mara nyingi hufuata ukoo, chanzo chake ni namna ubongo unavyoendesha usemi, na duniani karibu mtu mzima 1 kati ya 100 anacho, wanaume wakiwa wengi zaidi. Woga huja baadaye, na ni watu wanaoutia.

Mimi nilitiwa shuleni, wakati wa kuita majina. Jibu lilikuwa neno moja tu, "Nipo." Ulimi unaganda kwenye kaakaa, shingo inakakamaa, macho yanajifumba, na darasa limeshaanza kucheka. Kuna mwalimu aliyenihesabu mtoro huku ananiona. Hesabu nilizijua vizuri, lakini sikunyoosha mkono, na ripoti ikaja nyumbani imeandikwa kwamba mimi ni mzito wa kuelewa. Ilimuuma sana mama.

Madrasa kulikuwa kwingine kabisa. Tukisoma kwa pamoja sauti yangu ilitoka safi. Wengi wenye kigugumizi hufunguka wanapoimba au kusoma pamoja na wenzao. Siku moja maalimu alitusimulia jinsi Nabii Musa alivyoomba ulimi wake ufunguliwe kabla ya kwenda kwa Firauni. Kisha akanigeukia: "Soma peke yako, mwanangu. Hatuna haraka." Nilichukua muda mrefu, na hakuna aliyecheka.

Lakini mjini watu wana haraka. Kwenye daladala nilitakiwa niseme "Mwembechai, shusha!" na ile M hainitoki. Konda anagonga bodi, "Wapi, dogo?" Abiria wa pembeni akanihurumia, akanisemea: "Manzese huyo!" Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengine. Nilirudi kwa miguu juani, kando ya Barabara ya Morogoro. Abiria yule hakuwa na ubaya wowote, na walio kama yeye ndio walionipotezea maneno mengi kuliko waliocheka. Nilizoea kununua dukani nilichoweza kukitamka, nikaacha nilichotumwa.

Bibi peke yake ndiye aliyewagombeza walionisemea. Aliwahi kumlea mjomba, akajua. Mgeni akinimalizia sentensi, alimkata pale pale: "Muacheni amalize! Kwani amewaomba maneno?"

Sasa nina miaka zaidi ya 40 na kigugumizi ninacho bado. Kwenye vikao, mtu akinichukulia neno mdomoni, namngoja anyamaze, halafu naianza sentensi yangu upya, yote.