Tangi langu liligeuka kijani, nikalaumu jua

Wasee, mwezi wa nne tangi langu la samaki liligeuka kijani kama shamba la majani chai. Nikasugua kioo, nikamwaga maji yote, nikajaza mengine ya mtoni. Wiki haikuisha, kijani ikarudi. Samaki wawili wakafa. Mdogo wangu akalia, mimi nikalaumu jua.

Kumbe shida ilikuwa mkono wangu. Nilikuwa nawalisha mara nne kwa siku. Chakula kinachobaki na mavi ya samaki vikioza vinatoa fosfeti, na hiyo ni chakula cha mwani. Halafu cheki gunia la mbolea ya chai: NPK 26:5:5. Ile 5 ya katikati ndiyo fosfeti. Mvua ya Kericho ikibeba udongo, inabeba nayo pia.

Siku hizi nalisha mara moja, kidogo. Kila wiki natoa robo ya maji tu, nafyonza uchafu wa chini, na nimepanda mimea.

Mimi nina ndoo. Lakini Kipsonoi inaingia Sondu, Sondu inaingia Ghuba ya Winam, na huko gugu maji limejaa. Ziwa tutalibadilishia maji na ndoo gani?