Baba amezibuliwa mshipa, mbona bado anameza vidonge?

KWA miaka miwili mzee huyo, mwalimu mstaafu wa jijini Dar es Salaam, alikuwa na ujanja wake. Akitoka sokoni alisimama mara tatu kabla ya kufika nyumbani: kwa muuza magazeti, akasoma vichwa vya habari, kwa fundi cherehani, akamjulia hali, kisha chini ya mwembe wa jirani. Mtaani walimwona mzee mchangamfu. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kuwa anasimama kwa sababu kifua kinambana.

Picha ya mishipa ya moyo ilionesha mshipa mmoja umeziba asilimia 100, tena kwa miezi mingi. Kikao cha familia kikaitwa usiku uleule. Kaka mkubwa akataka kiwanja kiuzwe.

"Mshipa umeziba kabisa, tunasubiri nini? Tumzike?"

Mdogo wao wa mwisho, aliyekuwa akimpeleka baba kliniki, akaomba kwanza wamuulize daktari swali moja: akizibuliwa, baba ataishi zaidi?

Daktari alichukua karatasi akachora barabara. Barabara kuu ikifungwa taratibu, alisema, magari hutafuta njia za panya. Moyo nao hufanya hivyo: vijishipa vya pembeni hupanuka na kupeleka damu upande ule. Ndiyo maana mzee akiketi hana shida. Akitembea kwa kasi au kupanda ngazi, moyo unadai damu nyingi kuliko njia za panya zinavyoweza kupitisha, na kifua kinabana.

Akawatahadharisha kuwa mshipa unaoziba ghafla ni jambo jingine. Huo ni mshtuko wa moyo, dharura ya kukimbiziwa hospitali saa hiyohiyo, na kuuzibua haraka huokoa maisha.

Kwa mshipa ulioziba miezi mitatu au zaidi, faida kubwa ni unafuu. Jaribio moja la Ulaya lenye wagonjwa 396, lililochapishwa mwaka 2018, lililinganisha waliozibuliwa kwa katheta na kuwekewa stenti, huku wakiendelea na dawa, na waliobaki na dawa pekee. Baada ya mwaka mmoja, karibu 72 kati ya 100 waliozibuliwa hawakuwa tena na maumivu ya kifua. Wa dawa pekee walikuwa karibu 58. Lakini hadi miaka mitatu, vifo vya moyo na mishtuko ya moyo havikuonesha tofauti kubwa kati ya makundi hayo. Jaribio la Asia la wagonjwa zaidi ya 800, lililochapishwa mwaka 2019, nalo halikuona tofauti hiyo kwa takriban miaka minne.

Mzee alisikiliza, akacheka kidogo. "Kwa hiyo hamninunulii miaka, mnaninunulia pumzi."

Kiwanja hakikuuzwa. Alianza na dawa, na maumivu yalipogoma kuisha ndipo akazibuliwa. Mrija mwembamba ulipitishwa kwenye mkono hadi moyoni, waya ukapenya palipoziba, puto likapanua, stenti ikabaki kushikilia njia. Bima ililipa sehemu, watoto wakachanga iliyobaki. Wiki chache baadaye alitoka sokoni na kikapu chake, akafika nyumbani bila kusimama.

Hatari ilikuja miezi minane baadaye, naye akiwa mzima kabisa. Mkewe alifungua droo akakuta vidonge vya wiki tatu havijaguswa.

"Mwalimu, hivi ni vya nani?"

"Mshipa si umeshazibuliwa, mama?"

Binti alikuja jioni ile na karatasi ya daktari, ile yenye barabara. Stenti imefungua sehemu moja tu, akamkumbusha. Presha, sukari na lehemu vilivyoiziba havijaondoka, na vinaweza kuziba kwingine. Tena dawa za kuzuia damu kuganda zikiachwa bila ruhusa ya daktari, damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe na kuleta mshtuko.

Mzee hakubishana. Siku hizi humeza vidonge mbele ya mjukuu wa miaka saba, ambaye huhesabu kwa sauti na hakubali kudanganywa. Na kwa fundi cherehani bado anasimama, maana fundi alilalamika kuwa mzee amepona na sasa hasalimii watu.