Maji na Mazuku

Mtu anayeshuka toka Kibabi kwenda Goma hupita Sake. Huko, katika mashimo na mabonde ya mawe ya volkano, hukaa mazuku, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mbuzi na watu. Sisi tunaofundisha watoto twapenda kuwauliza: mbona mazuku ni hewa, na Ziwa Kivu ni maji? Maana molekuli ya kila kimoja ina atomu tatu tu. Jibu lake ni umbo.

Twaeni maputo mawili, myafunge pamoja shingoni. Yatatazama kinyume katika mstari mmoja, digrii 180. Mkifunga manne, hayatalala bapa. Kila moja litajitenga na mengine, na pembe iliyo kati yao yakaribia digrii 109.5. Ndivyo zilivyo jozi za elektroni zinazoizunguka atomu: zasukumana. Ronald Gillespie na Ronald Nyholm walieleza jambo hili huko London mwaka 1957.

Basi, mazuku kwa sehemu kubwa ni dioksidi ya kaboni, yaani kaboni moja katikati ya oksijeni mbili. Elektroni za kaboni hiyo zimekusanyika pande mbili tu, kwa hiyo molekuli ni nyoofu. Oksijeni zavuta sawasawa huku na huku, na molekuli hazishikani sana. Hubaki hewa, lakini nzito kuliko ile tunayovuta, kadiri ya mara moja na nusu. Ndiyo sababu hutuama bondeni.

Oksijeni ya maji ina jozi nne. Mbili zashika hidrojeni, mbili hazishiki kitu. Hizo zisizoshika kitu ndizo zinazotaka nafasi kubwa zaidi, nazo huzibana zile nyingine hata pembe ikawa digrii 104.5. Hivyo molekuli imepinda, na upande wake mmoja wavuta upande wa jirani yake. Kwa kushikana huko twapata mvua, mto na ziwa.

Nanyi wazazi, wafundisheni watoto wasiteremke mashimoni, hasa alfajiri pasipo upepo. Na mtu akianguka humo, msimkimbilie ovyo. Hewa ile haina harufu ya kuwaonya, na aingiaye kuokoa huanguka vilevile. Piteni juu, iteni msaada.